Mtoto anacheza tena, mbona vidonge bado? Vimeng'enya vinavyoilinda seli ya saratani ya damu

Swali ambalo kina mama wa Daraja Mbili huniuliza mara nyingi kuhusu saratani ya damu si kwamba ugonjwa huu unatoka wapi. Ni hili: "Nesi, mtoto amenenepa, nywele zimerudi, anacheza na wenzake, na kipimo cha mwisho kimeonyesha damu iko safi. Mbona Moshi wanasema aendelee na vidonge mwaka mzima na zaidi?" Nyuma ya swali hilo kuna nauli, siku za kibarua zilizopotea, na watoto wengine walioachwa kwa jirani. Linastahili jibu kamili, si lile la "daktari ndivyo alivyosema."

Kwa ufupi, seli za ugonjwa zilizobaki hazionekani, na baadhi yake zina zana za kuivumilia dawa. Zana hizo ni vimeng'enya. Ukizielewa, utaelewa pia kwa nini dozi mbili zilizorukwa ni jambo kubwa, na kwa nini vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki ukiwa mjamzito visiguswe na mtoto huyu.

Kipimo safi kinasema nini

Saratani ya damu inayowapata watoto zaidi ni ile ya seli za limfu, inayokwenda kasi. Huanzia kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Siku inapogunduliwa, mtoto anaweza kuwa na seli za ugonjwa zinazokadiriwa kufikia trilioni moja. Wiki nne au tano za kwanza za tibakemia, yaani drip, sindano na vidonge kwa pamoja, huua nyingi mno, hata daktari akiangalia uboho kwa hadubini haoni tena dalili ya ugonjwa. Hapo ndipo mnapoambiwa ugonjwa umetulia.

Lakini hadubini ina mwisho wake. Mtoto ambaye ugonjwa wake umetulia bado anaweza kuwa na seli bilioni kumi zilizotawanyika mwilini. Yaani katika kila seli mia, tisini na tisa zimekufa, na zilizobaki bado ni nyingi kuliko watu wote duniani. Ndiyo maana matibabu yote huchukua miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo ni vidonge vinavyomezwa nyumbani. Hospitali hufanya kazi ya miezi ya mwanzo. Sehemu ndefu zaidi inafanywa na mama, jikoni kwake, bila koti jeupe na bila mtu wa kumpongeza.

Anayejua kimea anajua kimeng'enya

Chukua uji mzito, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha koroga kijiko cha unga wa kimea cha ulezi. Baada ya muda mfupi uji unalainika na kuwa mwepesi, ingawa hukuongeza maji. Ulezi ulipochipua ulitengeneza vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Wapishi wa mbege wanategemea kazi hiyo hiyo. Kimeng'enya ni protini yenye kazi yake maalumu: kingine hukata, kingine huunganisha, kingine hubadilisha kitu kimoja kiwe kingine. Viko kwenye mate yako, kwenye ini na ndani ya kila seli iliyo hai.

Seli ya saratani haikutoka nje. Ni seli ya mtoto mwenyewe iliyoharibika mpangilio, kwa hiyo vimeng'enya vyake ni vile vile tulivyo navyo sote. Tofauti ni kwamba inavitumia kujiokoa. Seli inayogawanyika kwa haraka huzalisha takataka kali za oksijeni ambazo zingeweza kuiua. Baadhi ya dawa za saratani, kama ile drip nyekundu inayoitwa doksorubisini, huongeza takataka hizo makusudi. Seli nayo ina vimeng'enya vya kuzizima. Umewahi kuona dawa ya kusafishia kidonda ikitoa povu jeupe inapogusa damu? Povu lile ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho katalasi, kinachovunja dawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Seli ya saratani ina katalasi, na ina ndugu zake wengi. Seli yenye vimeng'enya hivyo kwa wingi huvumilia dozi ambayo ingeua jirani yake.

Kwa sababu hiyo mimi hupata wasiwasi ninapoona mtoto aliye kwenye tibakemia ananyweshwa virutubisho vya chupa vinavyotangazwa kuwa "vinaondoa sumu mwilini." Matunda na mboga za sokoni Kilombero ni chakula, mpe kama kawaida baada ya kuosha vizuri. Vidonge na unga vyenye dozi kubwa ya vitu vya kuzima takataka hizo ni jambo jingine. Viweke mezani mbele ya daktari anayemtibu kabla mtoto hajavimeza.

Vidonge vya kuongeza damu

Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza matokeo ya watoto 16 wenye saratani ya damu. Kabla ya hapo alikuwa ameona kwamba watoto waliopewa vitamini ya foliki, ugonjwa wao ulionekana kwenda kasi zaidi. Akageuza wazo: akawapa dawa inayofanana na foliki lakini inayoifunga kazi yake. Watoto 10 kati ya hao 16 walipata nafuu. Haikudumu, ugonjwa ulirudi baada ya muda mfupi, lakini hapo ndipo ilipoanza njia ya tiba tunayotumia leo.

Ndugu wa dawa ile ni methotreksati. Inakaba kimeng'enya ambacho seli inakihitaji ili kuitumia foliki na kujigawa. Seli sugu hujibu kwa kutengeneza kimeng'enya hicho kwa wingi zaidi, mpaka dawa haitoshi kuvikaba vyote.

Sasa fikiria nyumbani. Mtoto amepauka, bibi anaona huruma, ndani ya kabati kuna vidonge vya madini chuma na foliki vilivyobaki tangu ujauzito. Nia ni nzuri kabisa. Lakini foliki inaweza kudhoofisha kazi ya methotreksati. Mtoto huyu hapewi vidonge vya kuongeza damu ila kama daktari wa saratani ameviandika mwenyewe. Duka la dawa nalo liambiwe wazi mtoto yuko kwenye tiba gani, kwa sababu muuzaji anaona mtoto mweupe wa viganja na anafanya alichozoea.

Na jingine kuhusu methotreksati, ambalo siwezi kulisema kwa upole: vidonge vyake humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuvimeza kila siku ni sumu inayoweza kuua. Chagua siku moja, iandike kwenye kalenda ya ukutani, na weka chupa yake mbali na ile ya kila siku. Mlezi akibadilika, shangazi akija kukusaidia, mwonyeshe chupa zote mbili kwa mkono wako.

Kidonge cha kila siku

Chupa hiyo ya kila siku ni merkaptopurini. Kidonge hiki kinapoingia mwilini bado hakijawa silaha. Vimeng'enya vya ndani ya seli ndivyo vinavyokigeuza kuwa kitu kinachoharibu vinasaba vya seli inayojigawa. Seli inajitengenezea sumu yake yenyewe.

Mwaka 2013 timu mbili za watafiti nchini Marekani zilichunguza seli za wagonjwa ambao saratani ilirudi baada ya matibabu. Zote zikakutana na jambo moja. Kimeng'enya kiitwacho NT5C2, ambacho kwa kawaida husaidia seli kutoa vitu vya aina hiyo vinapozidi, kilikuwa kimebadilika na kufanya kazi bila kupumzika. Dawa ilikuwa inaharibiwa na kutolewa nje kabla haijaleta madhara kwa seli. Katika aina ya saratani inayoanzia kwenye seli za T, mabadiliko hayo yalionekana kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano waliorudiwa.

Mama asielewe vibaya hapa. Kuruka kidonge hakuzalishi mabadiliko hayo moja kwa moja, na wapo watoto waliomeza kila dozi na bado ugonjwa ukarudi. Usijilaumu kwa kila kitu. Lakini siku dawa inapokuwa chini mwilini, seli zilizobaki hujigawa, na kila seli inayojigawa ni nafasi nyingine ya kutokea moja yenye kimeng'enya kilichobadilika. Dawa ikirudi, zile dhaifu zinakufa na ile sugu inabaki na uwanja wote.

Sisi wa kanda hii tunaijua hadithi inayofanana na hiyo kupitia kifua kikuu. Wengi wamesikia juu ya Kibong'oto, kule Siha, ambako hutibiwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Mfano unafaa, ila kwa tofauti moja ambayo lazima isemwe kwa sauti mtaani: saratani ya damu haiambukizi. Hakuna sababu ya kumtenga mtoto sahani wala kitanda.

Kiasi gani cha kuruka ni kingi? Watafiti wa Marekani waliwapa watoto chupa zenye mfuniko unaorekodi kila zinapofunguliwa. Matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto waliopata chini ya asilimia 95 ya dozi za merkaptopurini walikuwa na hatari ya kurudiwa iliyo mara 2.7 ya wenzao. Kwa mwezi wa siku 30, asilimia 95 inaruhusu kukosa siku moja tu. Ukikosa mbili umeshavuka mstari. Kwa kweli takwimu hiyo ilinishtua mimi mwenyewe, maana katika mazungumzo yetu ya kliniki "amekosa siku mbili tatu" husemwa kama jambo dogo.

Kuna ushauri wa zamani ambao huwapa kina mama wa hapa taabu, hasa wenye ng'ombe wa maziwa: mtoto asimeze merkaptopurini na maziwa. Ushauri una msingi. Maziwa ya ng'ombe yana kimeng'enya chake, zanthini oksidasi, ambacho kinaweza kuivunja dawa. Hata hivyo utafiti wa mwaka 2017, wa Marekani pia, ulikuta kwamba watoto waliomeza dawa pamoja na chakula au maziwa hawakurudiwa na ugonjwa zaidi ya wenzao. Mimi nauchukulia hivi: kama hospitali yako imesema maji peke yake, fuata. Lakini kama njia pekee ya kidonge kushuka ni pamoja na uji, waambie hivyo wakushauri, kuliko kidonge kuishia chini ya godoro. Kidonge kilichomezwa kwa namna isiyo kamilifu ni bora kuliko kisichomezwa.

Na usilinganishe dozi na mtoto wa mwenzio mliyekutana naye wadini. Watoto wenyewe wana vimeng'enya vya mwili vinavyoivunja merkaptopurini, na watoto wachache wamezaliwa na vimeng'enya hivyo vikiwa dhaifu sana. Hao dozi ya kawaida ingewamaliza chembe za damu. Ndiyo maana daktari anapima damu, anapunguza, anaongeza. Robo kidonge kwa mtoto mmoja inaweza kuwa sawa na kidonge kizima kwa mwingine.

Simbilisi na dawa hafifu

Kimeng'enya kinaweza pia kuwa upande wetu. Mwaka 1953 mtafiti John Kidd wa New York aliona panya wenye saratani wakipata nafuu baada ya kuchomwa maji ya damu ya simbilisi, hawa hawa tunaofuga vibandani. Miaka ya 1960 ilithibitika kwamba kilichokuwa kikifanya kazi ni kimeng'enya, asparajinasi. Kinavunja asparajini, kirutubisho ambacho seli za kawaida hujitengenezea lakini seli nyingi za saratani ya damu ya watoto hutegemea kukipata kwenye damu. Zinakufa kwa njaa. Leo dawa hiyo hutengenezwa kwa kutumia bakteria, wala hakuna faida yoyote ya kumnywesha mtoto damu ya simbilisi. Nasema hivyo kwa sababu najua mtu atauliza.

Seli sugu hujibu kwa kuwasha kimeng'enya chake cha kutengeneza asparajini yenyewe. Kwa hiyo dawa inapaswa kuwa na nguvu kamili na kufika kwa wakati. Januari 2023 waandishi wa habari za uchunguzi wa Bureau of Investigative Journalism, London, walieleza kuhusu chapa za asparajinasi zilizokutwa na viwango duni kwenye vipimo, na kwamba dawa za namna hiyo zilikuwa zimesambazwa katika nchi zaidi ya 90. Kwa seli ya saratani, sindano hafifu ni sawa na sindano iliyorukwa. Ubaya wake ni kwamba mama hawezi kujua: alisafiri, alisubiri, mtoto alilia, na karatasi inaonyesha dozi imetolewa.

Hapa Tanzania kazi ya kuchunguza ubora wa dawa ni ya TMDA. Mzazi hawezi kupima dawa, lakini anaweza kufanya mambo mawili. Kwanza, akiambiwa dawa imeisha na akanunue nje, aombe wadi imtajie wapi, kuliko kumwachia mtu wa kati anayejua "mahali pa bei nafuu." Pili, asparajinasi hukaa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa nusu siku ndani ya mkoba kwenye Kosta inaweza kuharibika hata kama chupa inang'aa. Omba boksi la barafu, na usione aibu kuomba.

Duniani kuna juhudi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango unaolenga angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wawe wanapona ifikapo 2030. Katika nchi tajiri wanapona zaidi ya asilimia 80, katika nchi nyingi maskini ni chini ya 30. Desemba 2021 shirika hilo na hospitali ya St. Jude ya Marekani walitangaza jukwaa la kununua dawa za saratani za watoto zenye ubora na kuzipeleka bure katika nchi zinazoendelea. Februari 2025 ilitangazwa kwamba dawa zimeanza kufika Mongolia na Uzbekistan, na jirani yetu Zambia ilitajwa kati ya zinazofuata. Naliona jukwaa hili kuwa jambo kubwa, kwa sababu linashughulika na ubora pamoja na bei.

Ila dawa bora iliyoko stoo ya hospitali haimsaidii mtoto aliye Daraja Mbili bila nauli. KCMC iko kilomita 80 hivi kutoka hapa. Wadi ya watoto wenye saratani Muhimbili, inayoshirikiana na shirika la Tumaini la Maisha, hutoa matibabu bila malipo, lakini Dar es Salaam ni safari ya siku nzima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Novemba 2023, na bima italipa dawa na vipimo. Haitalipa basi, wala kibarua kilichopotea. Kwa maoni yangu mijadala yetu inazungumzia sana bei ya tibakemia na kidogo mno nauli ya kurudi kuchukua vidonge, wakati ni hapo kwenye nauli ndipo dozi zinaporukwa na NT5C2 inapopata nafasi yake.

Nauli ikikosekana, piga simu wadini kabla tarehe haijapita, si baada. Mara nyingine wanaweza kuongeza vidonge vya wiki mbili au kupanga kipimo cha damu kifanyike Arusha. Mweleze pia mhudumu wa afya wa mtaa wako na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Mtoto akitapika baada ya kumeza, usirudie dozi kwa kukisia, uliza. Ukisahau jana, usimpe mbili leo.

Na mtoto aliye kwenye dawa hizi akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama anacheza. Chembe zake za kinga ziko chini. Usimpe panadol ukasubiri asubuhi, usianze na dawa ya malaria ya dukani. Nenda hospitali na kadi yake ya tibakemia mkononi, na mtu wa kwanza utakayemkuta mapokezi mwambie neno moja kabla ya mengine yote: huyu ni mgonjwa wa saratani, yuko kwenye dawa.